Hatua Walizozisikia Walinzi

Tuanze na walinzi wote wa mji, walipogeuza vichwa.

Wageni waliokuja kununua gemu wamekaa mbele ya skrini kubwa, mikono magotini. Ndani ya skrini ni mji wa kale wenye ukuta, mji ambao mchezaji wa gemu anaweza kwenda popote atakapo, juu ya mapaa, ndani ya mifereji, sokoni, kisimani. Mjumbe, shujaa wa gemu hilo, amejibanza kwenye kona ya giza chini ya lango. Yuko peku. Hakuna awezaye kumwona. Kisha walinzi wote kwa pamoja, wa langoni, wa juu ya ukuta, hata yule mzee anayesinzia siku zote kwenye kibanda cha ushuru, wakageuza vichwa na kumkodolea macho.

Mkuki wa kwanza ulimpata begani. Wa pili ukamlaza chini. Skrini ikawa nyekundu, halafu nyeusi.

"Sasa huyo ndiye mpelelezi asiyeonekana?" akauliza mgeni wa suti ya kijivu. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anatazama saa yake.

Kaka Mkubwa akasimama. Ndiye mtoto wa kwanza wa familia na ndiye mkuu wa karakana hii ya magemu, kwa hiyo hupenda kusimama.

"Wageni wangu, mniwie radhi. Chakula kimeshaandaliwa hapo chini. Mkimaliza kula, nitakuwa nimeshampata mchawi wetu."

Wageni wakashuka ngazi taratibu, wakizungumzia mambo yao. Mlango ukafungwa. Wakabaki watu watano, na hakuna hata mmoja aliyemtakia mwenzake heri.

Alikuwapo Kaka Mkubwa. Alikuwapo mdogo wake, Fundi Macho, anayewapa walinzi wa gemu uwezo wa kuona. Alikuwapo dada yao, mtunza stoo, ambaye funguo zote za jengo huning'inia kiunoni mwake. Alikuwapo Mchora Kuta, mtu wa kuajiriwa, mwenye ulimi mwepesi kuliko brashi yake. Na pembeni kabisa, karibu na waya za spika, alikuwapo mke wa Fundi Macho, anayetengeneza sauti za hatua. Wanamwita Fundi Nyayo.

"Dada," alisema Kaka Mkubwa, "muulize huyo ndugu yako, macho ya walinzi ni kazi ya nani?"

Huyo ndugu alikuwa amesimama umbali wa mkono tu. Ila ndugu hawa wawili walikuwa wameacha kusemeshana zamani.

"Mwambie kaka yako anajua jibu," akasema Fundi Macho.

"Mimi siyo simu," akajibu dada mtu. "Semeshaneni."

"Haya. Nitasema na wewe kwa mara ya mwisho," Kaka Mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Umeniua mbele ya watu."

"Siyo mimi."

"Ni nani mwingine aliyesema mbele ya watu wote, heri gemu liungue kuliko kuuzwa?"

"Nilisema. Na leo nasema tena. Watu wako wanataka Mjumbe awe mchinjaji. Baba alituhadithia mtu aliyepita mji mzima wa dhalimu, akawafungua wafungwa, akatoka, na hakumwaga damu ya mtu. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Ukiitoa hiyo, unauza kuta za Mchora Kuta."

"Kuta zangu zina shida gani?" akauliza Mchora Kuta.

"Nyamaza wewe," wakasema ndugu wote wawili. Ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Hapo, msomaji, ujue neno moja. Marehemu baba yao aliwaachia wosia wa mdomo, na mama yao akiwa shahidi. Gemu lisiuzwe mpaka wana wote wawili wakubali. Lakini atakayeiharibu kazi kwa makusudi, huyo atoke, na neno lake lisihesabiwe tena.

Kaka Mkubwa akalegeza tai. "Nimeshazungumza na mama asubuhi. Amekubali. Ikithibitika ni wewe, huna kazi hapa na huna mlango kule nyumbani. Mama mwenyewe sasa anatembea kwa fimbo, hana nguvu za kuamua ugomvi wetu. Siku yake ikifika, wewe utapata habari kwa majirani."

Fundi Nyayo alimtazama mumewe. Mtu huyu hupita kwa mama yake kila siku kabla ya kwenda kwake. Humkatia kucha. Ukimfungia mlango ule, umemzika yeye kabla ya mama.

"Walinzi hawakuona," Fundi Nyayo akasema.

Wote wakageuka, kama walinzi wale wale.

"Umesemaje, shemeji?" akauliza Kaka Mkubwa.

"Mlinzi akiona, mkuki ndio hutangulia. Mume wangu ndivyo alivyowafundisha. Hawa waligeuza vichwa kwanza. Mlinzi hugeuza kichwa akisikia. Walimsikia Mjumbe, hawakumwona."

Moyo wake ulikuwa unapiga kwa furaha. Macho ni kazi ya mumewe, lakini masikio ni kazi yake yeye. Akithibitisha kosa liko masikioni, mumewe amepona.

"Kwa hiyo kosa ni la mke," Mchora Kuta akasema. "Mmehamia chumba kingine, lakini nyumba ni ile ile."

"Tukaangalie," Kaka Mkubwa akasema. Akakubali haraka mno. Fundi Nyayo alikuja kulikumbuka hilo baadaye.

Chumba cha Fundi Nyayo kiko mwisho wa ukumbi mrefu wa mbao. Kuta zake zimefunikwa magodoro kuukuu. Sakafuni kuna masanduku mafupi, moja la mchanga, moja la kokoto, moja la udongo uliokauka, moja la mbao za mlango wa zamani. Viatu vya kila namna vinaning'inia kwenye misumari. Humo ndimo hatua za mji mzima zilimozaliwa. Askari akipita kwenye gemu, ni Fundi Nyayo aliyekanyaga kokoto. Mjane akikimbia sokoni, ni Fundi Nyayo na kandambili.

Chumba hicho kina sheria moja. Kabla ya kuingia unavua saa, bangili, na chochote kinacholia, unakitundika mlangoni. Hata Kaka Mkubwa huvua. Siku ile hakuvua.

"Saa yako, shemeji," Fundi Nyayo akamkumbusha.

"Leo hatukuja kurekodi. Tumekuja kuhukumu."

"Wifi, na funguo zako."

Dada mtu akaufunika mtungo wa funguo kwa kiganja. "Nitazishika. Hazitalia."

Fundi Nyayo akawasha kompyuta. Akawaeleza kwa ufupi, maana Mchora Kuta alikuwa hajui na Kaka Mkubwa alijifanya hajui. Kila sauti kwenye gemu ina nakala mbili. Moja inakwenda kwa mchezaji, aifurahie. Nyingine inakwenda kwa walinzi, ili kompyuta ipime imefika wapi na nani ameisikia. Nakala hizo ni pacha. Zikitofautiana, mchezaji atasikia kitu kimoja na walinzi kitu kingine.

Akafungua nakala ya mchezaji. Kwenye spika zikatoka nyayo laini za mtu aliye peku juu ya udongo, kama paka anayevuka uchochoro. Zilikuwa nyayo zake mwenyewe. Hazikuguswa.

Akavaa hedifoni, akafungua nakala ya walinzi.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Viatu. Viatu vya soli ngumu juu ya mbao.

Mtu alikuwa ameingia humu, akatoa nyayo za peku na kuwawekea walinzi viatu vya soli. Ndiyo maana walisikia. Mjumbe alikuwa ananyemelea gizani, na masikioni mwao alikuwa anapiga gwaride.

"Kuna aliyebadilisha," akaanza kusema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha tabasamu likamkauka mdomoni.

Wewe na mimi tukisikia hatua, tunasikia hatua. Fundi Nyayo husikia mtu. Kaka Mkubwa hukanyaga kisigino kwanza, kama anapiga muhuri. Wifi hutembea kwa ncha za vidole, upesi, kama sakafu inaunguza. Mchora Kuta huburura kama mtu aliyedondosha kitu na anaona haya kuinama. Na hatua hizi za masikioni mwake zilikuwa nzito, halafu zikisita kidogo kabla ya kushuka, kama zinaiomba sakafu ruhusa.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayeomba sakafu ruhusa.

Kabla hawajaoana, Fundi Nyayo alipoanza kazi hapa hakuwa na mtu wa kumtembelea mbele ya maikrofoni. Alikuwa na kapu la viatu na aibu. Kijana wa meza ya pili akavua miwani, akavaa viatu vya soli vya baba yake, akatembea juu ya mbao mpaka nyayo zikawaka moto. "Nitembee tena?" akauliza. "Tena," akajibu yeye, ingawa alikuwa ameshapata sauti aliyoitaka. Jioni ile alimwambia Mungu wake, huyu huyu, usinipe mwingine.

Na sasa hatua zilezile zilikuwa zinampeleka mtu yuleyule kwenye kitanzi.

*Mungu wangu, nifanye kiziwi. Sasa hivi, kabla hawajaniuliza.*

"Umesikia nini, shemeji?" Kaka Mkubwa akauliza kwa sauti ya upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali.

Kidole cha Fundi Nyayo kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Bonyezo moja tu, na hatua zingepotea milele. Nani angejua? Angesema faili limeharibika. Kompyuta huharibu mafaili kila siku, na hakuna anayezipeleka mahakamani.

"Namuuliza kwa sababu huyu hasemi uongo," Kaka Mkubwa akawaambia wengine. "Mnakumbuka wageni walipokuja mara ya kwanza? Wakauliza kazi imekamilika? Mimi nikasema imekamilika. Shemeji yangu akasema bado. Mbele yangu. Nilitaka ardhi inimeze." Akacheka kidogo. "Tangu siku ile nikajua, tukitaka ukweli humu ndani tunakwenda kwa nani."

"Mwache mke wangu," Fundi Macho akasema.

"Anaogopa nini kama mikono yako ni safi?"

Fundi Macho akamgeukia mkewe. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Mama watoto, sema tu ulichosikia. Mimi sikufanya. Ukweli hauwezi kunidhuru."

Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Mtu anakukabidhi kisu kwa upande wa mpini, huku anatabasamu.

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Amesali miaka mingi ili ulimi wake usiwe na pande mbili. Hakuwahi kufikiri sala hiyo ingejibiwa siku kama ile.

"Ni hatua za mume wangu," akasema.

Kaka Mkubwa akamsogelea.

"Rudia," Kaka Mkubwa akasema.

"Umesikia."

"Nataka na yeye asikie."

"Amesikia," Fundi Macho akajibu mwenyewe. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama mkewe, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyopelekwa nyumba isiyo yake. "Hata wewe."

"Ndizo nilizosikia," akasema Fundi Nyayo. "Sijui umefanya lini, wala kwa nini. Lakini ni zako. Ningezijua hata kaburini."

"Basi," Kaka Mkubwa akapiga makofi mawili. "Neno lake halihesabiwi tena, kama alivyosema baba. Mlango ule pale. Kitambulisho mezani. Ukipita nyumbani kwa mama leo, utakuta vitu vyako barazani."

"Ameshavitoa nje?" akauliza Mchora Kuta. "Lahaula. Mtu hajamaliza kuhukumiwa, nguo zimeshahukumiwa."

"Nimesema unyamaze."

"Nimenyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, tena cha leo kimelala kitanda kimoja nawe." Mchora Kuta akamtazama Fundi Nyayo kwa jicho baya, akatema pembeni, hewa tupu, kwa kuwa hata yeye aliiheshimu sakafu ya chumba kile.

Fundi Macho akaweka kitambulisho mezani. Akachukua koti lake kwenye msumari, katikati ya viatu vya mabibi na viatu vya askari. Akatafuta mkono wa koti mara mbili bila kuupata. Hakuna aliyemsaidia.

Akatoka.

Ukumbi ule ni mrefu, na mbao zake ni za zamani. Mlango uliachwa wazi. Fundi Nyayo akafumba macho asimwone akiondoka, lakini masikio hayana kope.

Ko. Shaa.

Ko. Shaa.

Alikuwa anakwenda. Mguu wa kulia ukikanyaga, wa kushoto ukifuata kwa kuburura.

Ko. Shaa.

Ni ule mguu. Aliuvunja alipopanda kuziba paa la mama yake, ngazi ikateleza. Uliungwa vibaya, na tangu hapo unaburura. Mke wake ndiye anayeukanda kwa maji ya moto kila jioni. Ameshauzoea hata haoni tena kwamba mumewe ana kilema, kama mtu anavyozoea mlango wa kwake unaolia.

Ko. Shaa.

Fundi Nyayo akafumbua macho.

Masikioni mwake bado zilikuwamo zile hatua za walinzi. Ko. Ko. Ko. Ko. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, zote sawa, zote nzima.

"Simama," akaita.

Ukumbini hatua zikaendelea.

"Baba watoto, simama hapo hapo. Usipige hatua nyingine."

Zikakoma.

"Kesi imekwisha, shemeji," Kaka Mkubwa akasema.

Fundi Nyayo akachomoa waya wa hedifoni, akaziachia zile hatua kwenye spika, sauti mpaka mwisho. Chumba kizima kikatetemeka. Ko. Ko. Ko. Ko.

"Zisikilizeni."

"Tumeshasikia kutoka kwako. Ni za mumeo."

"Ni za mume wangu. Lakini huyu anayetembea hapa ana miguu miwili mizima." Akanyoosha kidole ukumbini. "Yule pale hana. Rudi, mume wangu. Tembea uje."

Kisha ukumbini ikaanza, kwa shida na hasira, ko, shaa, ko, shaa, ikikaribia, huku spika zikipiga ko, ko, ko, ko. Zilikuwa hatua za mtu mmoja, na hazikulingana hata kidogo.

Mchora Kuta akakuna kidevu. "Jamani. Hata mimi niliyezibwa masikio na rangi nasikia."

"Nilisikia sauti niliyoipenda, nikaacha kusikiliza," Fundi Nyayo akasema. "Hizi ni hatua za kabla ya kuanguka. Ni za kabla hatujaoana. Alitembea hapa hapa, kwenye sanduku hili la mbao, na viatu vya baba. Hazijawahi kuingia kwenye gemu. Nilizihifadhi kwa ajili yangu mwenyewe."

Fundi Macho alikuwa amefika mlangoni. "Ulizihifadhi?" akauliza. Hakuwa amejua.

Katikati ya uadui wote ule, mke akaona haya kama msichana. "Kanda iko kwenye droo yangu. Ndani ya kitambaa."

Akainama, akatoa ufunguo shingoni, akafungua droo ya chini. Kufuli halikuvunjwa. Kitambaa kilikuwapo, kimekunjwa vizuri. Akakikunjua. Ndani hamkuwa na kanda.

"Kwa hiyo umeipoteza mwenyewe," Kaka Mkubwa akasema.

"Droo ilikuwa imefungwa. Aliyechukua alifungua kwa ufunguo, akafunga tena kwa ufunguo. Mmoja ni huu." Akauinua. "Mwingine uko stoo, pamoja na nakala za funguo zote za jengo hili."

Akasimama, akamgeukia wifi yake.

Kiganja cha wifi bado kilikuwa kimeukumbata ule mtungo wa funguo, kwa nguvu, mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Na Fundi Nyayo ndipo alipotambua kilichomsumbua tangu asubuhi. Siku zote wifi yake husikika anakuja kabla hajaonekana, kwa mlio wa funguo. Leo alikuwa amepita jengo zima bila kulia, kama Mjumbe.

"Wifi yangu," akamwambia polepole. "Ulinipokea mkono nilipoletwa kwenye nyumba hii. Ulinifunga kanga kiunoni nilipojifungua. Nikuulize, au utaniambia?"

"Usimjibu," Kaka Mkubwa akasema.

"Na wewe, shemeji, nina swali lako." Hakuinua sauti. "Ulisema umezungumza na mama asubuhi. Kwamba amekubali mwanawe afukuzwe kwa kuharibu kazi."

"Ndiyo. Halafu?"

"Asubuhi walinzi walikuwa hawajageuka."

Saa ya Kaka Mkubwa, ile aliyokataa kuivua, ikasikika ikigonga. Tik. Tik. Tik.

Mchora Kuta akakaa chini juu ya sanduku la kokoto, na kokoto zikalia, na hakuna aliyemkaripia.

"Uliomba hukumu kabla ya kosa," Fundi Nyayo akaendelea. "Ukawaandalia wageni chakula cha mchana kabla hujajua kama onyesho litakwama. Hukutaka kumshitaki mwenyewe. Ulitaka nimshitaki mimi. Ulijua nitazijua hatua zake, na ulijua sitasema uongo. Umeichukua sala yangu ukaifanya panga."

"Maneno matupu. Huna ushahidi."

"Kaka," akasema wifi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu droo ifunguliwe. Akaachia kiganja. Funguo zikaanguka zikalia kiunoni, zote kwa pamoja, na kila mtu chumbani akashtuka.

"Kaka, utasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Kaka Mkubwa akapiga hatua mbili, kisigino kwanza, akampita Fundi Macho aliyekwisha kuingia, akaubamiza mlango na kuufunga kwa ndani. Ufunguo akautia mfukoni. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto.

"Fungua mdomo wako tu," akamwambia dada yake. "Fungua, na mimi nitasema ile siri yako iliyokufanya ukubali kunisaidia. Nitasema mbele ya mama."

Wifi akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na furaha hata chembe. "Mbele ya mama? Vizuri. Kwa sababu tangu uliponipa ile kazi sijalala, na leo nilipoona mikuki ile, tulipokuwa tunakuja huku nikabaki nyuma ukumbini nikapiga simu."

"Ulimpigia nani?"

Fundi Nyayo akainua mkono wanyamaze.

Chini, mlango mkubwa ulikuwa umefunguliwa. Wageni walikuwa wanapanda ngazi, wameshiba, viatu vyao vikigongana na kupishana. Akavihesabu kwa sikio, kimoja kimoja, kiatu cha suti ya kijivu, kiatu cha mwenzake, kiatu cha mgeni wa tatu, mwanamke. Na nyuma yao, polepole, kitu kingine kilichopanda ngazi ile mara ya mwisho wakati marehemu baba alipokuwa hai.

Kishindo. Pumzi. Kishindo.

Akamtazama mumewe. Mumewe hakuwa amesikia bado. Kaka Mkubwa pia hakuwa amesikia, alikuwa bado anamkazia macho dada yake, mkono mfukoni juu ya ufunguo.

"Shemeji," Fundi Nyayo akamwambia, "ufungue huo mlango sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inayopanda ni fimbo ya mama. Na haombi sakafu ruhusa."